Kiti cha Mbele

Mchekeshaji ni mtu wa faida katika jamii. Huondoa uchovu wa mchana, huwaketisha pamoja tajiri na maskini, na kwa muda wa saa moja huwapa wote furaha moja. Sina ugomvi na kazi yake. Ugomvi wangu ni na desturi moja ambayo wengi huichekea bila ya kuipima: desturi ya kumfanya mtu aliyeketi karibu na jukwaa kuwa kitoweo cha ukumbi mzima.

Mambo huenda hivi. Taa za jukwaani humpiga mchekeshaji machoni, hata haoni vema ila safu mbili tatu za kwanza. Maneno aliyoyatunga yakipungua nguvu, jicho lake huteremkia safu hizo. Akimwona mtu mnene, humwuliza kama amelipia kiti kimoja au viwili. Akimwona mweusi sana, humwomba atabasamu ili aonekane. Ukumbi huangua kicheko. Mwenye kusemwa naye hucheka, maana anajua kuwa akinuna ataongezwa. Na aghalabu kiti hicho ndicho ghali kuliko vyote, hivyo mtu huinunua aibu yake kwa bei ya juu.

Wako wasemao kuwa huo ni utani, na utani ni mila yetu. Naam, ni mila yetu. Kwa hiyo yatupasa tuijue. Utani una sheria. Huwa baina ya watu wanaotambua haki zao: babu na mjukuu, mtu na shemeji yake, au kabila na kabila, kama Wanyamwezi na Wazaramo wa Tanzania. Mtani akikudhihaki leo, wewe utamdhihaki kesho, wala hana ruhusa ya kukasirika. Zaidi ya hayo, mtani huyo huyo ndiye ajaye msibani kusaidia kazi za mazishi. Dhihaka yake imelipiwa kwa wajibu. Je, mchekeshaji amelipa nini? Yeye ana kipaza sauti, mwenzake ana koo lake tu. Jina la mtu huyo halijui, na onyesho likiisha hatamkumbuka. Utani usio na majibu wala wajibu si utani. Ni uonevu uliovikwa nguo ya sherehe.

Wengine husema kuwa aketiye mbele amejitakia. Hoja hii ni dhaifu. Mtu huketi mbele ili auone uso wa msanii, jinsi nyusi zinavyopanda kabla ya neno kutoka, na jinsi kimya kidogo kinavyoandaa kicheko kikubwa. Vitu hivyo havionekani kutoka nyuma. Aketiye karibu na moto hutaka joto, hataki kuunguzwa.

Wako pia wanaoukimbilia uhuru wa kusema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inaulinda uhuru huo pamoja na uhuru wa ubunifu wa sanaa. Lakini kifungu hicho hicho kinamtaka kila autumiaye aheshimu haki na sifa za wengine. Uhuru na heshima vimewekwa mahali pamoja. Asiutwae mtu mmoja akauacha mwingine.

Wala isidhaniwe kuwa nataka ucheshi usio na meno. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliojulikana kwa jina la Redykyulass, walimwigiza Rais Daniel arap Moi angali madarakani. Hilo lilikuwa jambo la ujasiri, kwa sababu dhihaka yao ilipanda juu, kwa mwenye nguvu za kujibu. Dhihaka imwangukiayo mtu kwa umbo lake, rangi yake au kigugumizi chake huteremka chini, na kuteremka hakuhitaji ushujaa.

Siku hizi madhara yamezidi. Zamani neno la ukumbini lilikufa pamoja na taa zake. Leo simu mia hulinasa, na asubuhi mtu hukuta sura yake imewafikia jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, nao wanacheka wasimwone anavyoumia.

Vijana wanafunzi, jambo hili linawahusu. Usiku wa burudani shuleni, mmoja wenu atapanda jukwaani, na mbele yake atakaa mtoto mwembamba wa kidato cha kwanza, mwenye viatu vilivyochanika. Kumchekesha mtoto huyo ni sanaa. Kuwachekesha wengine kwa viatu vyake ni wizi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nanyi mnaoketi nyuma, mjue kuwa kicheko chenu ndicho mshahara wa msemaji. Mnyimeni pale anapomwonea mnyonge, naye atajifunza upesi kutunga maneno bora.