Chuo Kipi Kitamfikisha Mwanao Kwenye Ubingwa wa Meno?



Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wa watoto waliofaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia hutuuliza hospitalini: "Sista, nimpeleke chuo gani ili awe daktari bingwa wa meno?" Wengine wamekwisha kutafuta mnunuzi wa shamba, maana wakala amewaambia kuwa chuo cha ng'ambo ndicho chenye jina.

Kwa maoni yangu, jina la chuo si jambo la kwanza. La kwanza ni chuo kutambuliwa. La pili ni mwanafunzi kupata wagonjwa wa kutosha wa kujifunzia kwa mikono yake mwenyewe.

Tuitazame njia yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, shahada ya udaktari wa meno huchukua miaka 5. Hufuata mwaka 1 wa utarajali, kisha usajili kamili katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Ndipo huja masomo ya ubingwa, kwa mfano upasuaji wa kinywa na taya, ambayo nayo huchukua miaka 3 au zaidi. Aliyesoma nje, ikiwa shahada yake haitambuliwi na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, atakwama kabla hata ya kuombea ubingwa. Shamba litakuwa limekwenda, na miaka nayo.

Sisemi kwamba chuo hakina uzito. Huko Marekani, mwaka 2012 mtihani wa taifa wa udaktari wa meno uliacha kutoa alama. Mtahiniwa huambiwa tu kama amefaulu au la. Kwa hiyo wanaochagua wanafunzi wa ubingwa hutazama zaidi mambo mengine: nafasi yake darasani, barua za walimu wake, na chuo alikotoka. Angalieni lakini: nafasi darasani na barua ya mwalimu haviletwi na jina la chuo. Huletwa na bidii na mwenendo mwema.

Basi, kabla ya kutoa hata shilingi moja, ulizeni maswali haya. Je, Tume na Baraza wanaitambua shahada hiyo? Waulizeni wao wenyewe, si wakala. Je, mwanafunzi huanza kutibu wagonjwa mwaka wa ngapi? Je, wagonjwa huzungumza lugha gani? Anayefundishwa kwa Kiingereza huku wagonjwa wakizungumza Kichina au Kirusi atajifunzaje kumhoji mgonjwa juu ya maumivu yake? Mwisho, ulizeni wahitimu waliokwisha kurudi nyumbani kama wamesajiliwa.

Tusisahau pia ubingwa ni kwa ajili ya nani. Wako watoto wenye uvimbe wa taya wanaosafirishwa mamia ya kilometa hadi Dar es Salaam kumfuata mpasuaji. Mgonjwa wa namna hiyo hamuulizi daktari alisoma nchi gani. Anataka mkono uliozoea kazi na moyo wenye huruma.

Wazazi, kipaji cha mtoto ni amana ya Mungu, na shamba ni chakula cha wadogo zake. Msiviweke vyote viwili mikononi mwa mtu anayelipwa kwa kila kichwa anachopeleka.