Nyaya Zimepita, Mfereji U Wapi?



Tangu mwaka 2009, nyaya za intaneti zilipofika Mombasa kwa njia ya bahari, serikali imefanya kazi kubwa ya kuzifikisha bara. Katika mwaka 2022 iliahidi kulaza kilomita 100,000 za nyaya, kufungua mahali 25,000 pa intaneti ya bure, na kuweka vituo 1,450, yaani kimoja kwa kila wadi. Huko Konza, ndani ya kaunti yetu ya Makueni, mji wa teknolojia wajengwa. Kazi hiyo twaisifu.

Lakini sisi watu wa Ukambani twajua habari za bomba. Bomba likipita kijijini bila mfereji, mama hateki maji.

Jambo hili lahusu chama, kwa sababu ofisi zimehamia kwenye intaneti kabla ya mfanya kazi kuhamia. Maelfu ya huduma za serikali sasa huombwa kwa eCitizen. Kila mwezi mshahara hukatwa pesa za NSSF, na mwajiri hupaswa kuongeza kiasi kile kile. Awezaye kufungua hesabu yake huona kama pesa zimepelekwa. Asiyeweza hungoja mpaka siku ya kustaafu, ndipo ajue hazikupelekwa, na pengine kampuni yenyewe imekwisha kufungwa. Au humpa mtu wa sokoni namba yake ya siri, na kumlipa juu yake.

Wala hatuombi sadaka. Sheria yataka makampuni ya simu yatoe 0.5 kwa mia ya mapato yao, ili huduma ifike kila mahali. Mapato hayo ni shilingi zetu.

Basi twadai mambo matatu. Kwanza, watu wa Matiliku wawe na kituo kilicho wazi jioni na Jumamosi; kituo kinachofungwa kabla ya watu kutoka kazini si cha mfanya kazi. Pili, awepo mwalimu asemaye Kiswahili na Kikamba. Tatu, hesabu ya vituo itangazwe wadi kwa wadi, tujue kipi chafanya kazi na kipi ni kibao tu mlangoni.

Nasi tuna wajibu. Kila tawi lichague mwanachama mmoja ajifunze, kisha awafundishe wenzake, wazee wakiwa wa kwanza. Mfanya kazi anayesoma hesabu yake kwa macho yake hadanganywi kwa urahisi.