Intakula Si Mkufu wa Shingoni

Wadau, leo nimekuja na hasira, na naomba mnivumilie maana nusu ya hasira yenyewe ni ya kujilaumu. Sitagusa siasa. Nataka kuzungumzia mashangingi ya zamani yanayofungwa tabo, na kile chuma chenye mapezi kinachoitwa intakula, ambacho siku hizi kila kijana mwenye Land Cruiser ya miaka ya 90 anataka kukiona kinang'aa nyuma ya grili. Nasema hivi: kwa gari kuukuu la dizeli linalopanda milima yetu taratibu na mzigo juu yake, kuweka intakula kubwa mbele ya rejeta ni kosa. Tusiambiane kwamba kila mtu na ladha yake. Ni kosa. Nitaeleza kwa nini, halafu anayetaka kunitukana atanikuta hapahapa.

Kwanza niungame.

Baba yangu mdogo anaishi Lushoto. Analima viazi na kabichi, na ana Land Cruiser HZJ80, lile umbo la mviringo ambalo enzi zile ukiliona limepaki nje ya ofisi unajua ndani kuna mkurugenzi wa mradi. Yeye alilipata miaka mingi baadaye, mnadani, likiwa limechoka. Akang'oa viti vya nyuma, akaanza kazi. Linashusha viazi Mombo, linarudi na mbolea, na usiku mama mjamzito akizidiwa pale kijijini, dirisha linalogongwa ni la baba mdogo. Kwa hiyo ninapoliita gari, elewa kwamba ni zaidi ya gari.

Ndani yake kuna injini ya 1HZ. Silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 4,164, dizeli, haina tabo. Ni injini ngumu kama jiwe, lakini haina haraka. Nguvu farasi kama 130, kwa gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili kabla hujapakia hata kiazi kimoja. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona. Unaanzia kwenye joto la bondeni unaishia karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapungua uzito kwa kama asilimia 10, na injini isiyo na tabo inapungua nayo. Baba mdogo alikuwa anapanda na gia ya pili, mabasi yanampigia honi nyuma.

Mimi, msomi wa ukoo, ndiye niliyemwambia tufunge tabo. Wazo hilo silikani mpaka leo. Tabo inarudisha ile hewa ambayo mlima unainyang'anya injini, na kwa mtu anayeishi kule juu hilo si anasa.

Tukalileta gari Dar, kwenye gereji moja ambayo siitaji. Fundi akafunga tabo, akafungua pampu ili dizeli iongezeke, halafu akaniuliza intakula niiweke mbele au juu, kwa sauti ileile ya mhudumu anayekuuliza soda ya baridi au ya moto. Hakuuliza gari linakwenda wapi wala linabeba nini. Na mimi, ambaye mhariri wangu kila siku ananiimbia kwamba chanzo kimoja si habari, nikamwonyesha picha moja niliyoikuta mtandaoni, ya gari la Australia, limejaa vumbi, intakula inachungulia mbele kama meno ya dhahabu. Nikasema, weka hivi. Baba mdogo alipolisikia jina la kile kifaa akacheka: "Intakula? Haya, na itakula kweli." Tulicheka wote.

Mbele ya gari hilo tayari kulikuwa na bampa la chuma, winchi na taa mbili kubwa. Nyuma yake kondensa ya kiyoyozi. Sasa ikaongezwa intakula pana karibu sawa na rejeta yenyewe. Rejeta akawa wa mwisho kwenye foleni ya kupata hewa.

Safari ya kwanza kurudi, magunia saba ya mbolea nyuma, saa saba mchana, tukaanza kupanda. Kilomita za mwanzo, raha tupu! Baba mdogo aliipita lori kwenye mlima kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanipiga begani. Hatukufika Soni. Moshi mweupe, harufu tamu ya maji ya rejeta, sindano ya joto imelala upande mwekundu. Gari lilichemsha, na mimi nikawa nimechemsha zaidi yake. Hedi ilipokuja kufunguliwa ilikuwa na ufa katikati ya valvu. Mzee alikaa kwenye jiwe kando ya barabara, akaniangalia muda mrefu, akasema: "Mwanangu, hivi pale chuoni ulikaa miaka mingapi?"

Pesa ya msimu mzima wa viazi iliishia kwenye hedi hiyo. Na kwa wiki tano kijiji hakikuwa na gari.

Haya, sasa tuje kwenye hoja. Tabo inasukuma hewa, na hewa ukiibana inapata moto. Chukua siku ya nyuzi 32 na presha ya paundi 10. Hewa inayotoka kwenye tabo ya kawaida itakuwa kwenye nyuzi 100 na ushee. Hewa ya moto ni nyepesi. Ukiipoza mpaka nyuzi 50 hivi kabla haijaingia kwenye injini, inakuwa nzito zaidi kwa kama asilimia 15. Hiyo ndiyo kazi ya intakula, na ni kazi nzuri, mtu asije akasema naipinga. Lakini joto halifi. Ile intakula imelitoa kwenye hewa ya injini, imelimwaga mahali. Ikiwa imekaa mbele ya rejeta, imelimwaga usoni mwa rejeta.

Na huko kwenye rejeta mambo yamebadilika tayari. Katika kila dizeli unayochoma, takriban theluthi tu ndiyo inayosukuma gari. Nyingine inatoka na ekzosi, na sehemu kubwa ya iliyobaki inakwenda kwenye maji. Ukiongeza dizeli umeongeza na joto la maji. Kwenye 1HZ ni mbaya zaidi, kwa sababu dizeli inaanza kuungua kwenye kichumba kidogo kilichomo ndani ya hedi yenyewe, kwa hiyo hedi inakula moto mwingi. Yaani siku moja, fundi mmoja, umempa rejeta kazi zaidi, na papo hapo umempunguzia hewa na ile kidogo inayomfikia umeipasha moto. Ungemfanyia hivyo mtu angekushitaki.

Wanaobisha wana hoja moja ya kweli, nami siifichi. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, mbele ndiko kwenye hewa safi na nyingi kuliko kokote, na hapo intakula ya mbele inaishinda ya juu mchana kweupe. Yule jamaa wa Australia pengine anakimbia tambarare kutwa nzima. Sawa. Sisi tunapanda na kilomita 25 kwa saa. Kwenye mwendo huo upepo wa safari haupo. Kinachovuta hewa ni feni peke yake, na feni yenyewe inaendeshwa na klachi yenye mafuta ambayo kwenye gari la miaka 30 aghalabu imeshachoka. Feni hiyo inatakiwa ivute hewa kupitia winchi, intakula, kondensa, ndipo ifike kwenye rejeta ambayo nusu ya njia zake zimeziba kutu. Tusidanganyane.

Basi, wanasema, ukiiweka juu ya injini na kukata tundu kwenye boneti, si itapashwa moto na injini? Itapashwa! Wenye Subaru za tabo wanajua, wenye Hilux za D-4D wanajua. Ukikaa foleni Ubungo intakula ya juu inageuka kikaango. Lakini hapa ndipo penye hoja yangu yote, na naomba uisome polepole. Intakula ya juu ikishindwa kazi katikati ya mlima, unapoteza nguvu kidogo. Unashuka gia, unapunguza mguu, unafika umechelewa. Intakula ya mbele ikimshinda rejeta, unapoteza hedi. Hasara hizo mbili hazilingani hata kidogo, na mwenye gari ndiye anayepaswa kuambiwa achague ipi, kabla bisibisi haijashikwa.

Kuna na njia ya tatu, ya kupoza hewa kwa maji, yenye pampu yake na rejeta yake ndogo. Inafanya kazi vizuri na inakaa popote. Ila ni pampu moja zaidi, mipira zaidi, viungio zaidi vya kuvuja, na kule Lushoto pampu ya umeme ikifa saa tano usiku hakuna duka.

Na ya nne, ambayo vijana hawataki hata kuisikia: kutoweka kabisa. Toyota wenyewe walipotoa dizeli ya tabo ya cc hizohizo 4,164 mwaka 1990, ile 1HD-T, waliitoa bila intakula. Lakini hawakuichukua 1HZ wakaibandika tabo juu; walibadilisha hedi, wakabadilisha pistoni, wakashusha mgandamizo mpaka 18.6 kwa 1, wakati 1HZ iko kwenye 22.4.  Presha ya paundi saba hivi, dizeli ikiongezwa kwa adabu, injini inaishi.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni geji. Nilipoulizia geji ya joto la ekzosi, fundi alinijibu kwamba yeye anasikiliza injini kwa sikio. Sikio! Hakuna sikio la binadamu linaloweza kutofautisha ekzosi ya nyuzi 600 na ya nyuzi 750, na katikati ya hizo mbili ndipo pistoni zinapopona au kufa. Wengi wanaojua kazi hii hawataki ivuke 700 kwa muda mrefu, ukipima kabla ya tabo. Na ile sindano ya maji kwenye dashibodi usiiamini sana. Imetengenezwa itulie katikati ili dereva asihangaike, ikianza kunyanyuka maji yameshachemka zamani. Tunatoa mamilioni kununua nguvu, tunakataa kutoa kidogo kununua habari. Kama mwandishi hilo linanichoma, ingawa nakubali kwamba siku ile mimi mwenyewe sikuuliza mara ya pili.

Mara ya pili tulifunga hukohuko Tanga, kwa fundi mzee ambaye swali lake la kwanza lilikuwa, "Linabeba nini?" Alianza na rejeta, akaibadilisha moyo. Klachi ya feni mpya. Akarudisha koti la feni ambalo fundi wa Dar alilitupa kwa sababu lilimzuia kupitisha bomba. Taa kubwa zikatoka mbele. Pampu akairudisha nyuma, presha akaishusha mpaka paundi nane. Intakula ndogo akaiweka juu ya injini, akakata boneti, akazungushia mpira ili hewa inayoingia isikwepe pembeni, na chini yake akafunga feni ya umeme yenye swichi ndani. Mwisho akachimba tundu kwenye manifodi ya ekzosi, akaweka geji. Boneti limeharibika sura, nakiri. Baba mdogo anasema linafanana na mtu aliyevimba paji la uso.

Tulipanda saa nane mchana, magunia saba. Kwenye kona moja mbaya kabla ya Soni geji ya ekzosi ilifika 660, intakula imeshapata moto, nikaona nguvu inapungua. Mzee akashusha gia bila kuambiwa. Ikarudi 580. Maji hayakutikisika. Lori hatukuipita.

Wale wa kijiweni wanaosema intakula ya juu ni ya watu wasio na hela, nawajua, na baadhi yenu mnanisoma. Leteni magari yenu Mombo, Jumamosi yoyote isiyo na mvua, saa nane mchana. Magunia saba kila gari, geji mbili kwenye dashibodi, dizeli nalipa mimi. Baba mdogo amesema viazi vipo.