Mwanao Akitaka Kucheza Sinema

Juma hili maneno yangu yawaendea hasa wazee wa Enguserosambu. Ninyi wa vijiji vingine sikilizeni pia, maana jambo hili limefika kila mahali penye simu. Kijana amechunga kutwa kando ya msitu, jioni ng'ombe wamekwisha ingia bomani, naye atazama sinema katika simu yake. Siku moja atamwambia baba yake: "Baba, nataka kwenda mjini nikawe mchezaji wa sinema." Hapo wazee hugawanyika. Mmoja husema: "Huo ni uhuni." Mwingine husema: "Mwache aende, atatuletea utajiri." Mimi naona wote wawili hawajaitazama kazi yenyewe.

Maana kucheza sinema ni kazi, tena ya jasho. Sisi watazamaji twaona saa moja na nusu ya kicheko na machozi. Hatumwoni mchezaji alipoamka kabla ya jua, akavaa nguo za mtu mwingine, kisha akakaa kungoja. Hungoja taa, hungoja wingu lipite, hungoja gari lililokwama. Akiitwa, husema neno lile lile mara kumi, na kila mara sharti alie kama ndiyo mara ya kwanza, mpaka mwongozaji atosheke. Wala hadithi haipigwi picha kwa mfuatano. Pengine maziko hupigwa Jumatatu, na harusi ya marehemu yule yule hupigwa Alhamisi. Kazi ya siku nzima mara nyingi huzaa dakika chache tu za picha. Je, mtu awezaye kazi hiyo ni mvivu?

Wala si kazi ya wahuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipigwa hapa Tanganyika sinema ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Mchezaji mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Kijana huyo hakukaa akingoja sinema nyingine imlishe. Alikuwa mtumishi wa serikali, baadaye akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Watu walikuwa wamemwona akichekesha katika picha, na bado wakamkabidhi mambo mazito ya nchi.

Sasa nimjibu yule mzee wa pili, asemaye utajiri unakuja. Kazi ya sinema ni kama mvua ya kwetu: mwaka huu yanyesha, mwaka ujao yapita mbali. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961 kundi kubwa kutoka Marekani lilikuja huku kaskazini, likapiga picha pande za Arusha na Momella. Sinema yao ilipewa jina la Kiswahili, Hatari!, nayo ilionyeshwa duniani mwaka 1962. Mwongozaji alikuwa Howard Hawks, na mchezaji mkuu John Wayne. Hadithi ilihusu watu wanaokamata wanyama wa porini wakiwa hai, na wachezaji wenyewe walipanda magari wakawafukuza faru wa kweli. Miezi michache tu, kazi ikaisha, kundi likafunga mizigo likaondoka. Lakini mchezaji mmoja, Mjerumani Hardy Krüger, alinunua shamba pale Momella, akaishi huko zaidi ya miaka kumi. Sinema iliisha, shamba likabaki.

Tazama na huyu wa siku za karibu. Barkhad Abdi ni Msomali aliyezaliwa Mogadishu, akahamia Marekani na jamaa zake. Hakuwa amecheza sinema hata moja alipochaguliwa kucheza mkuu wa maharamia katika Captain Phillips, iliyoonyeshwa mwaka 2013. Alicheza vizuri mno, hata mwaka 2014 jina lake likawa miongoni mwa waliopendekezwa kupata tuzo ya Oscar. Sinema ile iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Magazeti ya Marekani yaliandika kuwa yeye alilipwa dola 65,000, na kwamba baada ya kazi alirudi kuuza simu katika duka la ndugu yake. Sisemi fedha ile ni kidogo kwa mkulima. Nasema kwamba sifa na chakula ni vitu viwili, na Abdi alifanya vema kuwa na duka la kurudia.

Liko na jambo la tatu, nalo ndilo linalowaumiza wachezaji wetu kuliko yote: mapatano yasiyoandikwa, au yaliyoandikwa na mchezaji asiyasome. Mzee Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto, alituchekesha miaka mingi sana. Mwaka 2018, alipokuwa mgonjwa, jambo la mikataba yake lilifika serikalini, na Waziri wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Mzee wetu alifariki Agosti 8 mwaka huo huo. Yafaa mtu aulize haki yake akiwa mzima.

Baba wa Enguserosambu, wewe wajua biashara ya mtamba. Ukimuuza mtamba mnadani, ndama wake wote ni mali ya mnunuzi. Ukimkopesha jirani ili akamwe maziwa, ndama ni wako. Uso wa mchezaji na sauti yake ni mtamba. Akitia sahihi karatasi ya kuuza kila kitu kwa malipo ya mara moja, picha itaonyeshwa miaka ishirini naye hatapata hata senti. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yawalinda wachezaji pia, na iko Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ya kuulizia. Lakini sheria haiwezi kumsomea mtu karatasi kabla hajatia sahihi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili lawafaa hata ninyi mnaobaki kijijini. Wageni wakija na mashine za picha kupiga ngoma au boma lenu, ulizeni kwanza picha yaenda wapi, na malipo ni nini.

Basi mzazi, usimlaani mtoto, wala usiuze ng'ombe kwa furaha. Mpe masharti matatu. La kwanza, ajifunze. Chuo cha sanaa kiko Bagamoyo tangu mwaka 1981, siku hizi chaitwa TaSUBa. Pia aanze na michezo ya shuleni na kijijini, ambako watu humwambia kweli akicheza vibaya. La pili, awe na kazi nyingine mkononi, iwe ushonaji, useremala au mifugo. La tatu, asitie sahihi peke yake. Na wewe yeyo, mwambie binti yako waziwazi: mtu amwitaye usiku nyumbani kwake ati kumjaribu kwa sinema, au amtakaye fedha kwanza, au amtakaye mwili wake, hatafuti mchezaji. Akatae aondoke, na aje akuambie bila kuogopa kupigwa.

Na akiisha kuitwa kazini, mheshimuni. Akirudi likizo bila gari wala nguo za fahari, msimcheke. Muulizeni habari za kazi kama mnavyomuuliza mwalimu au fundi, mkampe maziwa. Kwaherini mpaka juma lijalo.