Makopo yaliyofura yasishushwe bei, yateketezwe

Kila Jumamosi gulioni kwetu yanauzwa nusu bei makopo ya maharage na samaki yaliyobonyea, mengine yamefura juu na chini mpaka hayasimami. Juzi nilimuuliza muuzaji kulikoni. Akanijibu, "Hiyo ni hewa tu, mama. Ukichemsha haina shida." Waliokuwa nyuma yangu wakanunua.

Hewa hiyo haikutoka nje. Mara nyingi hutengenezwa na vijidudu vilivyo hai ndani ya kopo, na kimojawapo chaweza kuwa kile kinacholeta botulizimu. Bakteria hiyo huishi udongoni, na mbegu zake hustahimili hata maji yanayotokota. Ndiyo maana viwandani makopo hupikwa kwa presha hadi nyuzi joto 121. Mbegu iliyosalimika, ikikuta chakula kisicho na uchachu mahali pasipo hewa, huamka na kutoa sumu. Mgonjwa huanza kuona vitu viwili viwili, kope zinamwangukia, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunamshinda, mwisho misuli ya kupumulia inalegea. Mara nyingi hana homa, na akili yake ni timamu wakati yote hayo yakimpata. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Ni kweli sumu yenyewe huharibika chakula kikichemshwa zaidi ya nyuzi 85 kwa dakika 5 au zaidi. Lakini samaki wa kopo nani humchemsha? Vijana humpakua juu ya mkate wakala palepale, na kuonja hakumwambii mtu kama sumu imo.

Tusidhani ni ugonjwa wa mbali. Oktoba 2008 nchini Uganda wanafunzi watatu wa shule ya bweni walilazwa, mmoja akafariki. Kilichoshukiwa ni kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani. Nina binti bwenini, na pilipili ya mafuta niliyokuwa nikimfungashia nimeacha.

Maofisa afya hupita gulioni kukagua mama lishe. Nawaomba wasimame na kwenye meza za makopo, yaliyofura wayachukue wakayateketeze. Ila wasiishie kwa yule kijana wa mezani. Mwenyewe aliniambia huyanunua kwa katoni. Lipo ghala linalomuuzia, na huko ndiko kwa kuanzia.

Mama wa mwanafunzi wa bweni,
Morogoro