Aliyesakwa ni Mtu, Si Mahali

Mwaka 1934 Bunge la Uingereza lilitangaza sehemu zilizokithiri ukosefu wa kazi, ikiwamo Wales Kusini, kuwa maeneo maalumu ya kusaidiwa. Tanzania, kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ilimtafuta mtu: asiye na kazi mjini aliitwa mzururaji, akarudishwa shambani.

Lakini mashine za kiwanda cha nguo cha MUTEX, Musoma, zilipokuja kunyamaza, mfanyakazi wake hakuwa mzembe. Kazi ndiyo iliyomkimbia. Na mkulima wa pamba wa Bunda au Butiama, bei ikianguka, bado huhesabiwa kuwa anayo kazi, maadam ana jembe. Wavuvi wa Musoma wanajua: wavu wa matundu makubwa haunasi dagaa. Hesabu ya mkoa mzima ni wavu wa namna hiyo. Ihesabiwe kata kwa kata, na mapato yaulizwe pia.