Watoto wa Mbwa Nao Walelewe

Mkulima wa Soga hahitaji kuelezwa faida ya mbwa. Usiku nguruwe mwitu huingia katika mihogo, mchana ngedere huyavizia mahindi mabichi, na wa kwanza kuwasikia ni mbwa. Hata hivyo, mlinzi huyu twamtaka akiwa mkubwa tu. Siku zake za utotoni hatuzijali. Jike akizaa nyuma ya banda, hatuna habari naye hadi watoto waanze kutambaa, na hapo jirani hubisha hodi: “Shoga, niwekee dume moja.” Juma hilo hilo mtoto huondolewa. Leo nakuomba tuyatazame majuma hayo ya kwanza, kwani ndiyo yanayoamua kama umepata mlinzi au umepata balaa.

Mbwa huchukua mimba kwa siku zipatazo 63. Zikikaribia kutimia, mtayarishie mahali pakavu, pasipoingia upepo wala mvua. Kona ya banda yatosha, na gunia safi au nyasi kavu chini yake. Watoto wakizaliwa hawaoni wala hawasikii, na miili yao haiwezi kujitunzia joto. Usiku mmoja wa masika katika tope waweza kuwamaliza wote. Hakikisha kila mmoja amenyonya maziwa ya kwanza, yaani dang'a, siku ile ile ya kuzaliwa, kwa kuwa ndani yake mna kinga ya maradhi. Mama yao naye aongezewe chakula. Ugali mtupu hautoi maziwa. Mtilie dagaa, na maji safi yasimkaukie.

Baina ya siku ya 10 na ya 14 macho hufunguka. Katika juma la tatu huanza kusikia, na hapo ndipo shule yao inapofunguliwa. Wazoee sauti za watu, vishindo vya mchi na vicheko vya watoto. Najua kuwa kwa wengi wetu wa Pwani mbwa hagusiwi ovyo wala haingii nyumbani. Hilo si kikwazo: sauti ya upole na chakula kinachotoka kwa mtu yule yule hutosha kumzoesha.

Juma la nne waonjeshe uji laini, lakini usimtenge yeyote na mama yake kabla ya majuma manane. Katika mchezo, mmoja akimng'ata nduguye kupita kiasi, nduguye hulia na mchezo huvunjika. Ndivyo anavyojifunza kuyapima meno yake. Aliyeondolewa mapema hulikosa somo hilo, na atakayelipa karo ni mtoto wako. Basi jirani mwambie asubiri.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mpe jina moja, na kila amri iwe na neno moja: njoo, kaa, acha. Akitii, mpe tonge. Wapo wanaomlisha pilipili au kumfunga mnyororo mchana kutwa ili awe mkali. Huko si kufundisha. Mbwa aliyeteswa huishi kwa hofu, na mwenye hofu hatofautishi mwizi na mtoto aliyetumwa chumvi. Tena Soga ya leo ina wageni: reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ina stesheni yake hapo. Mlinzi mwema hubweka, kisha humsikiliza mwenyewe.

Lipo jambo kubwa kuliko yote. Minyoo huwaingia watoto wa mbwa tangu tumboni na katika maziwa, nayo yaweza kuwadhuru binadamu; kwa hiyo dawa ianze mapema, wakiwa na umri wa majuma mawili, kwa kipimo atakachotoa mtaalamu wa mifugo. Kisha ije chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kawaida akitimiza miezi mitatu. Lakini timu ya chanjo ikipita kijijini, wapeleke hata walio wadogo zaidi. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara humwua. Kabla ya dalili huzuilika: aking'atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali kuchomwa chanjo. Jeraha dogo lisikudanganye, wala usingoje kuona mbwa atakuwaje.

Usipoweza kuwalea watoto sita, usiwatupe jalalani. Jike afungwe uzazi na daktari wa mifugo. Anayetupa leo huwafuga mbwa koko wa kesho, wasio na jina wala chanjo, nao hurudi kupita mlangoni mwake.

Tukutane Jumapili ijayo.